Ndovu wa sentimita nne: jibu kwa mchoraji wa matatu

Swali la msomaji wetu wa Umoja, Nairobi, kwa ufupi: “Mimi huchora matatu, gereji yetu iko hapa Umoja. Siku hizi nimeanza kuchora wanyama wadogo wadogo kwenye vipande vya kadi: simba, twiga, ndege, picha ya kuenea kiganjani. Watu wanazisifu, lakini nikisema elfu tatu wanacheka na kutoa mia tatu, eti ni ndogo. Je, kuna mtu anaishi kwa kazi hii hapa Nairobi? Nitumie brashi gani, na nifanyeje macho yasiniume? Ni lazima niende mbuga ya Maasai Mara? Halafu kuna mzee mmoja Lang’ata amenipa vipande vya pembe ya ndovu kutoka kwa piano yao ya zamani, anataka nimchoree ndovu juu yake. Ni sawa?”

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloweza kukulaza ndani. Vipande hivyo usivichore. Usivipige msasa, usivikate, na usiviweke nyumbani kwako hata usiku mmoja zaidi. Najua mzee hana nia mbaya. Piano ilikuwa sebuleni kabla hajazaliwa, na kwake hayo ni mabaki ya ukoo tu. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyamapori, yaani sehemu za miili yao kama pembe na ngozi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamtaka yeyote mwenye nyara awe na kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na asiye nacho hukabiliwa na faini ya mamilioni na kifungo cha miaka. Anayeshikwa ni yule aliyekutwa na nyara mkononi, na hapa ni wewe, kwenye bodaboda, na mkoba wa rangi mgongoni. Mrudishie mwenyewe, umwambie kwa heshima awaulize KWS. Ofisi zao kuu ziko hapo hapo Lang’ata Road. Asikutume wewe uvipeleke.

Wazo lake hata hivyo halikutoka hewani. Kwa muda mrefu pembe ya ndovu ndiyo iliyokuwa uso wa heshima wa picha ndogo huko Ulaya. Kabla yake walichora kwenye ngozi ya ndama iliyokwanguliwa hadi ikawa nyembamba na laini. Mwingereza Nicholas Hilliard, aliyekufa mwaka 1619, aliigandisha ngozi hiyo juu ya kadi za karata. Mwanzoni mwa karne ya 18 mwanamke wa Venice, Rosalba Carriera, akaanza kutumia ubale mwembamba wa pembe, na wengine wakamfuata. Walichokipenda ni nuru. Pembe ikikatwa nyembamba hupitisha mwanga kidogo, na rangi ya maji iliyopakwa kwa wepesi juu yake huufanya uso wa mtu uonekane una damu ndani. Taabu yake ni kwamba pembe hainywi maji. Rangi huteleza, ikabidi kwanza waisugue kwa unga wa pumisi, lile jiwe jepesi la volkano, kuondoa mafuta na utelezi. Karne ya 19 shehena kubwa za pembe zilitoka pwani yetu kupitia Zanzibar hadi Connecticut, Marekani, zikakatwa vibao vya piano. Hata hadithi ya piano, ukiifuata nyuma, inaishia kwa wapagazi na misafara.

Sasa mfikirie mnunuzi. Huu ndio mji ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe ndani ya Mbuga ya Nairobi mnamo Julai 1989, na Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105 hapo hapo tarehe 30 Aprili 2016, pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za kifaru. Ndovu aliyechorwa juu ya jino la ndovu hana ukuta wa kutundikwa Nairobi. Wala hasafiri. Uingereza, ambako picha ndogo za pembe zimejaa makavazini, ilipitisha sheria ya pembe mwaka 2018, ikaanza kutumika 2022. Inaruhusu kuuza picha ndogo za watu zilizochorwa kabla ya 1918, zisizozidi sentimita mraba 320, na hata hizo mpaka zisajiliwe. Chochote cha kwako, cha leo, hakina mlango hapo.

Uso utakaokufaa ni karatasi. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita mraba, ile iliyobanwa kwa joto ikawa laini isiyo na vinundu. Itaonekana ghali ukiishika dukani, lakini piga hesabu: karatasi nzima ya sentimita 56 kwa 76 inatoa vipande 84 vya sita kwa nane. Kadi unayotumia sasa, kama ni ile ya maboksi ya mashati, itageuka njano na mteja atakupigia simu. Kuna pia vibao vya plastiki vilivyotengenezwa vifanane na pembe, wachoraji wa ng’ambo wanavipenda. Vinateleza vilevile na vinahitaji mkono uliokwisha tulia, kwa hiyo viache kwa sasa. Ngozi ya mbuzi au ndama ni nzuri mno, ila usidhani utaenda machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko urudi nayo. Ngozi ya kuchorea haitiwi dawa za kulainisha kama ya viatu. Huwekwa chokaa, ikanyolewa, ikakwanguliwa ikiwa imevutwa kwenye fremu mpaka ikauke. Ngozi ya kuwambia ngoma ina mafuta na rangi itaikataa.

Najua utauliza kuhusu mfupa wa ng’ombe, kwa kuwa mafundi wa Kibera wanauchonga vizuri sana na ni halali kabisa. Unachoreka. Ukiutazama kwa lensi utaona vijinukta na vimistari vyeusi, njia ndogo za damu, ilhali pembe ya ndovu ikikatwa kimsalaba huonyesha mistari inayokatana kama wavu. Lakini ofisa wa uwanja wa ndege wa JKIA saa saba usiku, mbele ya mtalii mwenye ndege ya kupanda, hana lensi wala subira. Mimi picha ya ndovu siichori kwenye kitu chochote cheupe kilichotoka mwilini mwa mnyama. Manyoya ya ndege wa porini pia yaache. Wako wanaoyachorea nchi nyingine, hapa ni nyara kama nyara nyingine.

Tuje kwa brashi. Umeniandikia kana kwamba kuna brashi ndogo ya siri ambayo hujaipata. Wanaoanza wote hukimbilia zile zenye sufuri tatu na tano, zenye unywele mmoja na nusu, na zile ndefu za mafundi wa kucha zinazouzwa kwenye maduka ya vipodozi mjini. Brashi ya namna hiyo haina tumbo. Inabeba tone dogo sana, na kwa hewa kavu ya Nairobi ya Januari na Februari, mita 1,700 hivi juu ya bahari, rangi inakauka kabla haijagusa karatasi. Unarudi kwenye sahani, unaongeza maji, mstari unakatika, na macho yanauma kwa sababu unapigana na chombo. Chukua namba 1, hata namba 2, yenye tumbo nene na ncha kali. Iloweshe, ikung’ute mara moja: nywele zikikusanyika zenyewe zikawa ncha moja, inafaa, zikigawanyika mkia wa mbayuwayu, irudishe rafuni. Zinazosifiwa zaidi ni za nywele za mkia wa kolinski, jamii ya kicheche wa Siberia. Ni ghali na hazipatikani kila duka, na za sintetiki za siku hizi zitakusogeza mbali kabla hujalazimika kuzinunua.

Rangi anza na tatu au nne, ila soma nyuma ya tyubu. Kila rangi ya maana huandikwa namba ya unga wake. PB29 ni buluu ya ultramarini. PBr7 yenye wekundu ni siena iliyochomwa. Changanya hizo mbili utapata kijivu cha ndovu, kijivu cha kifaru, kijivu cha wingu la Julai, na ukizidisha unga na kupunguza maji utapata cheusi laini kuliko cheusi cha kopo. PY43 ni njano ya udongo: nyasi, simba, swala. Jihadhari na wekundu wa zamani wenye namba PR83. Ni mzuri siku ya kwanza, kisha jua linaula, na jua letu la nyanda za juu halina huruma.

Macho: nunua lensi ya kuvaa kichwani kama wanazotumia mafundi wa simu wa barabara ya Luthuli. Iwe ya kukuza mara mbili hivi, isizidi sana, kwa sababu ukikuza mno utaanza kuchora vitu ambavyo mnunuzi hataviona kamwe. Inua kichwa kila baada ya dakika ishirini utazame mbali, hata kama ni tangi la maji la jirani. Vitabu vya Ulaya vitakuambia uweke meza kwenye dirisha la kaskazini. Kwetu hapa jirani na ikweta jua huwa kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, hivyo kinachohama ni meza. Juni hadi Agosti, watu wanapolalamikia baridi na mawingu, ndio msimu wetu: mwanga umetandaa sawasawa, hauna kivuli kikali, na rangi haikauki mbio. Stima ikipotea, acha. Usichore kwa tochi ya simu.

Mkono wako una faida na una kasoro. Mtu aliyezoea kupuliza rangi ubavuni mwa nganya anachora kwa bega na kiwiko, kwa mapana. Picha ndogo huchorwa kwa vidole viwili na kifundo kilichotulia juu ya meza. Utajifunza upesi, maana jicho la rangi unalo tayari. Kitakachokusumbua ni kasi. Kwenye matatu unamaliza kabla gari halijatakiwa barabarani. Hapa unaweka tabaka jepesi, unangoja likauke kabisa, unaweka lingine. Baada ya tabaka mbili tatu unaanza kudonoa: nukta na vistari vifupi sana vya ncha ya brashi karibu kavu, uliyoifuta kwanza kwenye kitambaa. Nukta hizo zikitazamwa kutoka mkono mmoja mbali huyeyuka zikawa manyoya, ngozi, vumbi. Makosa madogo huinuliwa kwa brashi safi yenye unyevu kidogo, kwa sharti uwe unatumia karatasi nilizokutajia.

Kuhusu Mara: hapana, huna haja ya kwenda Mara, na wala nisingekushauri uende kabla hujaumaliza mji huu. Mbuga ya Nairobi ina kilomita mraba 117, ipo tangu 1946, na ndani yake kuna kifaru mweusi, simba, chui, nyati, punda milia na twiga. Ndovu hawaishi humo kwa uhuru. Walioko ni wale mayatima wanaolelewa na shirika la Sheldrick, wanaoonyeshwa kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi. Kama kiingilio cha mbuga na gari vimekushinda, Safari Walk na kituo cha mayatima cha KWS viko langoni, unatembea kwa miguu. Msitu wa Karura una kima na mbega. Marabu, wale korongo vipara wenye mfuko shingoni, unawajua kuliko mimi. Wanakutazama kila siku ukipita Mombasa Road. Watu huwadharau kwa sababu ya jalala, lakini hakuna ndege mwenye ngozi ya kichwa inayompa mchoraji kazi tamu kama ile.

Nenda pia kwenye Makavazi ya Taifa pale Museum Hill. Nje amesimama Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais, akafa kwa uzee mwaka 1974. Yule wa nje ni sanamu ya ukubwa wake kamili, na mifupa yake imo ndani. Kwa mwanafunzi wa ndovu hakuna mwalimu bora: meno yaliyojikunja hadi karibu kugusa ardhi, na mwili usiosogea. Zunguka ukamchora kutoka pande zote, kisha uingie uone mifupa, ujue kwa nini paji la uso la ndovu lina mashimo pale juu ya macho, na kwa nini mguu wake wa nyuma una goti kama la mtu. Ndani kuna ukumbi wa ndege pia. Na Jumatano asubuhi watu wa Nature Kenya hukutana hapo makavazini kwenda kutazama ndege mahali tofauti mjini; ukifuatana nao utajifunza kumtambua ndege kwa umbo kabla ya rangi, nao ndio ujuzi picha ndogo inaotaka.

Naam, hapa tumefika penyewe. Watu hufikiri picha ndogo ni picha kubwa iliyobanwa, kila unywele mahali pake. Sivyo. Ukubwa ukipungua, vitu vinavyobaki ni vichache, na lazima ujue ni vipi. Nikuonyeshe kwa twiga. Mji huu una twiga wa namna mbili. Walioko Giraffe Centre Lang’ata ni wa Rothschild: miguu yao chini ya goti ni myeupe, haina mabaka. Walioko mbugani, ng’ambo tu ya msitu, ni twiga wa Kimasai: mabaka yamechongoka kingo kama majani yaliyochanika, na yanashuka hadi karibu na kwato. Ukimchora twiga wa sentimita tano, hutaweza kuonyesha kila baka, lakini ukikosea mguu, mtu anayejua wanyama ataiweka picha chini bila kusema neno. Kifaru vilevile: mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka kama ndoana wa kukamatia matawi, mweupe ana mdomo mpana wa kukata nyasi. Kwa urefu wa sentimita nne mdomo wake ni milimita mbili, na hizo mbili ndizo zinazomtaja. Duma ana madoa mazima na mstari wa chozi kutoka jichoni hadi mdomoni. Chui ana mabaka ya mduara uliokatika yenye rangi nzito katikati. Madoa ya chui ubavuni ni makubwa, yakielekea tumboni na mguuni yanakuwa matone ya kawaida. Chora kumi ya mbele kwa uangalifu, mengine yafifishe.

Punda milia ndiye mtihani. Usihesabu mistari, fuata inakoelekea. Kwenye mbavu imesimama wima, ikifika nyuma inalala kuelekea matakoni, na pale inapokutana inagawanyika. Ukiipaka yote weusi mmoja, punda anakuwa karatasi bapa. Mistari iliyo upande wa mwanga iwe na kahawia ndani yake, iliyo upande wa kivuli iwe na buluu, na ile ya tumboni ififie. Na sehemu nyeupe usiipake nyeupe: ni karatasi yenyewe, iliyoguswa na njano ya udongo kwa sababu punda wa mbugani amelala vumbini asubuhi hiyo. Mwaka 1621 mchoraji Mansur, wa ikulu ya mfalme Jahangir wa India, alimchora punda milia aliyeletwa kutoka Uhabeshi. Watu wa ikulu walishuku kuwa kuna mtu amempaka mnyama rangi, wakamkagua. Picha hiyo iko London hadi leo, katika Victoria and Albert Museum, na ukiitafuta kwenye simu utaona Mansur alifuata mkunjo wa kila mstari. Hiyo ni kazi ya mtu aliyemsogelea mnyama, na mnyama wa kwetu, miaka mia nne iliyopita. Wewe wako wanakula nyasi nyuma ya viwanda vya Mombasa Road.

Jicho ndilo la mwisho na linafanywa polepole kuliko yote. Kwa twiga wa sentimita tano, kichwa kikiwa peke yake kwenye picha, jicho lote linaweza kuwa milimita tatu. Weka kwanza tone la kahawia ya PBr7, acha likauke. Juu yake, nusu ya juu, weka giza la mchanganyiko wako wa buluu na siena: hicho ni kivuli cha kope, na twiga ana kope ndefu zinazotia jicho zima kivuli jua likiwa la utosi. Acha utepe mwembamba wa kahawia ubaki chini. Halafu nuru. Wengi hudonoa nukta nyeupe katikati, na mnyama anakuwa mwanasesere. Nuru ya jicho ni anga lililojiakisi, kwa hiyo ina ubuluu kidogo, inakaa juu pembeni, na imekatwa na kivuli cha kope. Nukta moja, ndogo kuliko unavyotaka. Ukiipata, usiiguse tena.

Usinakili picha za watu za mtandaoni. Mpigapicha ana haki yake chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na wapigapicha wa wanyama wa mji huu wanajuana na wanunuzi wako. Zaidi ya hayo, picha ya simu inakupa mnyama wa sekunde moja. Daftari linakupa jinsi anavyobeba uzito. Ukiwa mbugani baki garini. Simon Combes, mmoja wa wachoraji wa wanyama waliojulikana zaidi kutoka nchi hii, aliuawa na nyati mwaka 2004, na alikuwa mtu aliyekulia porini na kutumikia jeshi.

Pesa sasa. Wapo wanaoishi kwa sanaa Nairobi, lakini anayeishi kwa picha ndogo za wanyamapori peke yake, bila kufundisha, bila kazi za kuagizwa, bila nakala, ni nadra. Kwa hiyo usiiache gereji. Bei yako ya elfu tatu nina mashaka nayo, ila kinyume cha wateja wako: naona huenda ni ndogo. Kama umekaa siku nne juu ya chui, toa gharama ya karatasi, fremu, kiingilio na nauli, ugawanye kilichobaki kwa nne, uone kama ungekubali kupuliza rangi mlango wa matatu kwa hiyo. Bei ihesabiwe kwa saa za kazi. Ukiruhusu mteja akupimie kwa rula, umeshashindwa.

Lakini mteja anayecheka mara nyingi amecheka kwa sababu ya namna alivyoonyeshwa. Kipande cha kadi kilichotolewa mfukoni ni kadi. Kiwekee fremu yenye ukingo mpana wa kadi nyeupe isiyo na asidi, upana wa sentimita tano au sita kila upande kwa picha ya sita kwa nane, na usikitundike kamwe karibu na turubai kubwa ya mtu mwingine; kitamezwa. Laza tatu nne mezani, weka lensi ya mkono pembeni, unyamaze. Mtu akishainama na kushika lensi, mnazungumza lugha nyingine. Maasai Market si mahali pa picha zenyewe, wanaokwenda pale wanakwenda kubishana bei. Pale peleka nakala: skani picha yako vizuri, ikuze hadi ukubwa wa daftari, uchapishe kadi za salamu. Kukuza huko pia kutakuonyesha bila huruma mahali brashi ilipotetemeka. Picha halisi zipeleke kwenye majumba ya sanaa kama Kuona na Banana Hill kule Kiambu, na kwenye maonyesho ya sanaa ya bei nafuu ambayo Kenya Museum Society huandaa makavazini. Wanaokuja pale wana ukuta mdogo na pesa ya kiasi, ndio watu wako.

Kuna na ng’ambo. Vyama vya picha ndogo vipo Uingereza tangu mwisho wa karne ya 19, cha Washington tangu 1931, na huandaa maonyesho yanayopokea kazi za wageni. Faida yako ni uzito: picha tatu na fremu zake ni kifurushi chepesi, ili mradi uweke plastiki angavu badala ya kioo. Soma masharti kabla, hayafanani. Vingi vinataka mnyama asizidi sehemu moja ya sita ya ukubwa wake halisi. Kwa ndovu sharti hilo halikubani hata kidogo, ukubwa wa fremu ndio utakaokubana. Lakini chozi, yule ndege mdogo wa maua mwenye urefu wa sentimita 12, atatakiwa atoshee kwenye sentimita mbili, na kila unyoya unaong’aa kifuani mwake uwe nukta moja ya rangi.

Na kitu kimoja ambacho huenda hukukitarajia. Kazi za kuagizwa zinazolipa kwa utulivu hapa mjini mara nyingi si za simba, ni za mbwa. Mtu wa Karen au Runda aliyefiwa na mbwa wake wa miaka kumi na miwili haulizi ukubwa wa picha. Anataka jicho liwe lenyewe, na mkono uliozoea jicho la twiga unalimudu. Omba picha tatu nne za mnyama alizopiga mwenyewe, kubalianeni bei na siku kwa maandishi, upokee nusu kwa M-Pesa kabla ya kuchora na salio siku ya kukabidhi. Nyuma ya fremu andika jina lako, mwaka, na rangi ulizotumia kwa namba zake.